Fatiha ya Mtu Aliye Hai

Naanza kwa kukiri kabla hamjaniuliza: mimi ndiye yule mbunge wa Mutsamudu aliyemsomea fatiha mtu aliye hai, mbele ya mamaye, mkewe na mtaa mzima, na kama kisa hiki kilikufikieni hapa Unguja kikiwa na kicheko ndani yake basi mjue aliyekileta alikikata mkia, maana mwisho wake hauchekeshi hata kidogo. Nasimulia kwa Kiswahili changu nilichokiokota hapa hapa nilipokuwa mwanafunzi (yaliyosemwa kwetu yalisemwa kwa Kinzuani, lugha ya kisiwa chetu, na mengine kwa Kifaransa cha kuchechemea), nanyi nivumilieni, kwa sababu kila nikifika pale katikati hutamani kuruka.

Ilikuwa miaka ile ya wazungu wa kambini. Nyinyi mliwasikia redioni tu, sisi tuliishi nao: askari wa kukodiwa waliokuja kwa bahari wakamwondoa rais mmoja wakamrudisha mwingine, kisha wakabaki kumlinda, na katika kumlinda wakawa wao ndio wanaoamua nani alale kwake na nani asilale. Walivaa nguo nyeusi. Walisilimu, wakaoa kwetu, wakajipa majina ya mitume na masahaba, na ukikutana nao njiani walikutolea salamu iliyotimia, mpaka na rehema na baraka zake, na wewe ukaitikia huku miguu inataka kukimbia.

Bunge lilikuwepo, Moroni, na mimi nilikuwa ndani yake. Chama kilikuwa kimoja, kazi yetu kubwa ilikuwa kupiga makofi, na nilikuwa hodari (niliwahi kufundisha shule, najua kushangilia jambo nisilolijua). Lakini ilikuwapo ile wiki tuliyorudishwa majimboni kusikiliza wananchi, na baada yake tukaitwa tena Moroni kwenda na kamati kukagua kazi za serikali, hospitali, forodha, magereza. Kukagua kwenyewe kulikuwa kunywa kahawa ofisini kwa mkubwa na kuambiwa mambo ni mazuri. Hata hivyo wananchi waliamini kwamba mbunge akiingia mahali, anaona.

Kati ya walioamini hivyo alikuwa Bi Zaliha. Mwanawe, Humadi, alikuwa msimamizi wa makuli katika bandari ya Mutsamudu, mtu wa maneno mengi na sauti kubwa, na siku moja alisema hadharani, mbele ya foleni ya forodha, kwamba ajabu ya nchi hii mzee anayeleta gunia la mchele hupekuliwa mpaka chini ya kofia, ilhali makreti ya kambini hupita bila hata kugongwa. Watu walicheka. Siku chache baadaye walikuja wakamchukua, wakavuka naye kisiwa cha Ngazidja, iliko Moroni na kambi yao, na tangu hapo kimya. Mamaye alikuja barazani kwangu, hakulia, akaniomba kitu kimoja tu, nimuulizie yuko wapi na yu hali gani. Nikamwahidi. Nikamwambia nikirudi kutoka Moroni nitakuja na habari zake, na nikaweka mkono kifuani niliposema hivyo, maana mkono kifuani huwa haugharimu kitu.

Huko Moroni sikuuliza. Niseme ukweli, niliogopa. Kila nilipopanga kwenda nilijipa sababu, leo mkubwa hayupo, kesho ni Alhamisi, mwisho nikajiambia ni heri ningoje ukaguzi wa kamati, tukiwa wengi swali halitakuwa na mwenyewe. Kwa hiyo nilipopanda meli kurudi nyumbani kwa ile wiki ya wananchi sikuwa na habari yoyote ya Humadi, mbaya wala nzuri, nilikuwa na kichefuchefu tu, kwa sababu bahari ilichafuka na mimi nilitapika njia nzima mbele ya wapiga kura wangu.

Sasa sikilizeni uamuzi wenyewe, mdogo kama punje. Tulipofunga gati Mutsamudu ningepaswa kungoja mzigo wangu ushushwe. Sikungoja. Nilimwachia mchukuzi alete nyumbani, nikatoka kwa lango la nyuma ili watu wasiione kanzu yangu ilivyochafuka mbele, nikapita kwenye vichochoro nikiwa nimejitanda joho kuficha. Kumbe Mjomba Bakari, kaka yake Bi Zaliha, alikuwa amesimama kwenye lango kubwa akinisubiri aniambie kuwa familia imekusanyika na inaningoja. Ningengoja mzigo ningemkuta. Na ningefika kwanza kwangu ningemkuta mke wangu, ambaye ndiye aliyekuwa gazeti langu, asiyekosa kujua katika mji ule nani kazaa, nani kaachwa na nani kafa.

Basi nikiwa katikati ya vichochoro, nikakata kona, mbele yangu nyumba imetandikwa mikeka mpaka nje, wanaume wamekaa safu kwa safu, vichwa chini, juzuu mikononi, udi unafuka, na ndani kwa wanawake kimya kizito. Mtu yeyote wa kwetu angesema: msiba. Na mwanasiasa wa kwetu haupiti msiba. Kura hazipatikani jukwaani, zinapatikana mikekani, kwa yule aliyeketi nawe siku ulipofiwa. Nilikuwa na uso wangu wa msibani, nauvaa kwa wepesi kuliko kofia, nikauvaa. Nikajiambia, nitauliza baadaye ni nani, mradi nisionekane nimepita (na hapa ndipo nikumbushwe: nilikuwa mtu wa kwanza kufika mikekani na wa mwisho kujua aliyekufa, na nilikuwa najisifu kwa hilo).

Nilivua viatu, nikatoa salamu kwa sauti ya chini. Safu zote zikainuka. Niliona ni heshima, nikaona kweli mji huu unanipenda, nikapita mpaka mbele, nikainua mikono, nikasema al-Fatiha. Wakainua. Nikasoma, nikapangusa uso, kisha nikatamka yale tunayoyatamka siku zote, kwamba Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu wetu na atupe sote subira.

Hakuna aliyeitikia amina. Nikainua macho, nikaona wananitazama. Mzee mmoja akasema taratibu kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tunarejea, jirani yake akarudia, na ikaenda hivyo safu kwa safu mpaka nje. Kisha pazia la ndani likafunguka, akatoka mwanamke mzima, shiromani yake ya kujitanda imeanguka begani, akasimama mbele yangu mahali ambapo wanawake hawasimami.

"Amezikwa wapi, Mwalimu?"

Alikuwa Bi Zaliha.

Pale palikuwa kwa Eshati, mkewe Humadi (kwetu mume ndiye anayehamia nyumbani kwa mke, na mimi nyumba ya mama niliijua, ya mke sikupata kuijua). Ule haukuwa msiba. Walikuwa wanamsomea Humadi Yasini afunguliwe, wakingoja meli ifike na mimi nifike na habari. Nami nilifika.

Mnaniuliza kwa nini sikusema hapo hapo. Maneno yalikuwa mepesi, bibi nimekosea, nilidhani nyumba nyingine. Nilifungua kinywa, haki ya Mungu nilifungua, lakini nikaona nyuso zile zote, wapiga kura wangu, nikaona nitakavyoonekana, mbunge anayesomea watu asiowajua, na katika kusita kule, hata kumeza mate sijamaliza, Eshati akapiga ukelele ndani, na wanawake wote wakamfuata, na sauti yangu ikapotea. Nikasema moyoni, ngoja kelele zipungue. Hazikupungua. Kabla hazijapungua mtu alishakimbia msikitini, na nikasikia kwa masikio yangu juu ya mapaa jina la Humadi likitangazwa pamoja na neno marehemu.

Mjomba Bakari alirudi kutoka bandarini akakuta nyumba inalia. Alinishika mkono akanipeleka ukumbini nyuma ya mlango, mtu mpole yule, mshona kofia, akaniuliza bila kupandisha sauti kama nimekuja kuwaambia kafa au sikuja. Nikamweleza yote: meli, kanzu, lango la nyuma, mikeka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoka nje akawaambia watu kwamba mbunge anasema hana habari, alikosea, Humadi hajulikani alipo, tufunge vinywa tungoje.

Watu wakamtazama Mjomba, wakanitazama mimi nilivyokuwa nimepauka (bahari ile, jamani, ilikuwa bahari), wakaelewana kwa macho. Wakati ule kila mtu alijua kwamba habari za kambini hazisemwi, na anayezisema hukanywa, na akikanywa huzimeza. Kwao, mbunge alitoboa ukweli uchungu ulipomzidi, kisha akakumbuka nani atamsikia, akarudi nyuma. Kukana kwangu ndiko kulikowathibitishia. Nilipozidi kuapa, ndivyo walivyozidi kunihurumia, na mmoja alinipapasa mgongo akaniambia yatosha, tumeelewa, usijiponze.

Nilipofika kwangu mke wangu alikuwa ameshasikia. Hakunigombeza. Alichukua kanzu ile akaitia majini, akasema tu, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Nikamwambia anyamaze. Hata leo sijui kwa nini nilimwambia anyamaze kwa ukali ule.

Wiki yangu ya kusikiliza wananchi ikawa hivi: niliketi barazani na kalamu, nikingoja watu wa maji, watu wa zahanati, watu wa ile barabara inayobomoka kila masika, na watu walikuja kweli, wengi kuliko wakati wowote, lakini hakuna aliyetaja maji. Walikuja kunipa mkono wa tanzia, kana kwamba nimefiwa mimi. Bandarini makuli waliweka chini vitambaa vyao vya kubebea wakakataa kupakua meli, na kimya chao kilisikika mpaka sokoni. Eshati alivua bangili, akaingia eda. Nilikwenda kumsihi kupitia mlangoni, akanijibu kwa adabu kwamba ananishukuru, kwamba anajua ninalazimika kusema hivyo.

Mfa maji hukamata maji. Ijumaa nilikwenda msikiti mkuu nikiwa nimeazimia kulimaliza mbele ya mji wote. Sala ilipokwisha nikasimama, nikasema kwa sauti kwamba Humadi sijamwona maiti wala kusikia kafa, kwamba nilichofanya ni kosa langu mwenyewe, la kijinga, na kwamba wasimsalie. Watu waliinamisha vichwa, wengine wakawa wanalia. Imamu, mzee aliyenifundisha alifu kwa kijiti, alingoja nimalize, akaniambia kwa upole, "Tumekufahamu, mwanangu. Kaa."

Kisha akatangaza sala ya maiti aliye mbali.

Walinifungulia nafasi safu ya mbele. Sikuingia. Nilirudi nyuma mpaka mlangoni, nikasimama kwenye viatu, mtu mzima na joho lake, mji mzima umenipa kisogo unamsalia mtu ambaye mimi peke yangu nilijua hakuna aliyemwua ila mimi. Na hata hilo nalo walilisoma kwa njia yao. Walipotoka nilisikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba wamemkataza hata kumsalia, maskini. Katika mji wote ule aliyeniamini alikuwa mmoja, Bi Zaliha. Alinitumia salamu kwa Mjomba kwamba yeye hajakaa matanga na hatakaa, kwa kuwa aliniona uso pale aliponiuliza, na ule, alisema, ulikuwa uso wa mtu asiyejua kitu. Akaniomba nikirudi Moroni nifanye nililoahidi.

Basi nikarudi. Kamati ilikuwa ya watu watatu, mimi, mwenzangu mmoja wa kisiwa cha Mwali, na mbunge wa upande wa Ikoni, mnene, mcheshi, aliyejua kila mlango. Tukaanza gerezani, tukaonyeshwa ua uliofagiliwa na wezi wa mbuzi waliopewa fulana mpya. Humadi hakuwemo. Nikauliza, mkuu wa gereza akatazama kofia yake mikononi akasema watu wa namna ile hawako kwake, wako juu, kambini. Mbunge wa Ikoni alinikanyaga mguu. Nikasema basi twende juu. Sijui nilipata wapi ulimi, nadhani ni aibu iliyonisukuma, maana aibu ikizidi hushinda hofu.

Tulipokelewa na afisa kijana, masikio mekundu kwa jua, nguo nyeusi zimepigwa pasi. Alikuwa amejipa jina la nabii mmoja, silitaji, na alikuwa ameoa Ikoni, kwa hiyo yeye na mbunge wetu waliulizana hali za wakwe. Kahawa ikaja, na vitumbua. Akatueleza habari za usalama, na ushirikiano, na kwamba bunge ni macho ya wananchi. Nilingoja akanyamaza, nikaweka kikombe chini, nikamtaja Humadi kwa jina lake na la babaye, nikasema kamati inataka kumwona kwa macho.

Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, huruma kabisa, akasema kwa lugha yetu, ile ya Ngazidja aliyofundishwa na mkewe: "Lakini huyo mmeshamsalia. Habari zimetufikia. Wewe ndiye uliyemsomea."

Nikasema ilikuwa makosa. Akatikisa kichwa kama mtu anayemsikiliza mfiwa akipayuka. Akasema watu wa Mutsamudu wametulia, makuli wamerudi kazini, mke yuko edani, na si vizuri kuwatonesha watu kidonda. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliweka kikombe, akainua mikono yake miwili, vinyweleo vya manjano vinaonekana kwenye mikono ya shati, akasema al-Fatiha.

Nyinyi ni Waislamu, mnajua. Ikishasemwa, imesemwa. Mbunge wa Ikoni aliinua mikono, wa Mwali akainua, mhudumu aliyeleta kahawa akasimama pale alipo akainua. Nilitazama mikono yangu juu ya magoti. Nilitaka ibaki pale. Nikasema ikibaki, mimi ndiye ninayekataa Qurani chumbani kwa mzungu. Ikainuka. Nilimsomea Humadi mara ya pili, na mara hii nikijua ni nani.

Na kwetu fatiha ndiyo inayofunga kikao. Tulipopangusa nyuso watu wote walishasimama, viti vimesogezwa, afisa anatupa mikono mlangoni. Garini mbunge wa Ikoni alishusha pumzi akasema alhamdulillahi, imekwisha kwa heri.

Miaka ikapita. Eshati alimaliza eda, akaolewa na seremala, mtu mwema, wakazaa. Sikuthubutu kusema neno, ningesema nini. Bi Zaliha peke yake aliendelea kuhesabu mwanawe katika walio hai, sahani yake ikioshwa na kufunikwa, na watu wakasema uzee umemgusa akili. Mimi kila nilipokuwa Mutsamudu nilizunguka kichochoro kile.

Kisha wazungu wakaondoka, kwa ghafla kama walivyokuja, na waliokuwa wamefungwa wakaanza kujitokeza. Mmoja wao, mtu wa Moroni, fundi wa redio, alivuka bahari kuja kumtafuta mama wa Humadi. Bi Zaliha akaniita. Nilimkuta yule mtu amekaa mkekani, mdomo wake hauna meno ya mbele. Alisema alilala chumba kimoja na Humadi. Walinzi walimletea habari wakicheka kwamba kwenu wameshakusalia, na mbunge ndiye aliyeanza. Humadi naye akacheka, akasema hata siku ya harusi yake msikiti haukujaa hivyo. Siku ile kamati ilipokuja walisikia gari uani na walinzi wakisema wabunge wamefika, na Humadi alisimama mlangoni akapangusa shati lake, akasema huyo ni Mwalimu, amekuja kurekebisha. Wakasikia milango ya gari, gari likaondoka. Usiku ule ule, alisema, walikuja kumchukua, na mlinzi mmoja alisema haina haja ya kuficha, huyu ameshamalizwa kwao.

Mjomba Bakari alikuwa ameshafariki. Tulikuwa watatu tu chumbani. Bi Zaliha hakulia, kama alivyokuwa hakulia siku ya kwanza. Alinyanyuka, akaifunua ile sahani, akaigeuza kifudifudi, akarudi akaketi mbele yangu.

"Sasa ndiyo uinue," akasema.

Sikuweza. Nawaambia mikono ilikuwa mizito, nililia mimi mwanamume mbele ya mgeni, nikamwambia bibi nisamehe, asome huyu. Akasema hapana. Akanishika viganja kwa mikono yake mikavu, akaviinua mwenyewe mpaka usawa wa kifua, akavishikilia pale mpaka nilipofika amina.

Ubunge niliuacha mwaka ule ule. Siku hizi nikifika penye mikeka huuliza kwanza kwa jirani, na hata nikiambiwa naketi nyuma, mikono nimeikalia, nangoja aanze mwingine. Wako wanaosema nina kiburi. Wacha waseme. Fatiha ya kuanza mimi sitaianza tena, hata ya kufunga maulidi.